Mkenya aliyejifunza subira Japani, na funzo lake kwa moyo wako

Je, ndugu msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipokimbia bila kufukuzwa na mvua wala kuwahi matatu? Ukijipata unahesabu miaka badala ya siku, basi makala haya ni yako. Na ikiwa umekwisha kuamua kwamba mwaka huu ni lazima uanze mazoezi, usifunue ukurasa. Makala haya ni yako zaidi, kwa sababu anayeanza kwa pupa ndiye aliye hatarini.

Mimi ni mmoja wenu. Kazi yangu ni ya kukaa kitini kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha kukaa tena katika matatu, kisha kukaa mbele ya televisheni. Desemba moja daktari alinipima shinikizo la damu akapata 150 juu ya 95. Aliniambia nipunguze chumvi, nirudi kupimwa tena, na nianze mazoezi. Wiki mbili baadaye nilikuwa nyumbani Siakago, kule Mbeere katika Kaunti ya Embu, nikiwa na viatu vipya vya kukimbilia na bidii ya mgeni.

Anayeijua Siakago anajua kwamba si mahali pa baridi. Ukitoka mjini Embu ukateremka kuelekea huko, mashamba ya kahawa hubaki nyuma, nawe huingia katika nchi ya maembe, ndengu, kunde, mtama na muguka. Jua la huko halina mzaha. Mlima Kiang'ombe umesimama hapo karibu ukimtazama kila apitaye. Nilimwambia mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, kwamba tungekimbia kuelekea mlimani kisha turudi. Ilikuwa yapata saa sita mchana.

Nusu saa haikutimia. Kichwa kilianza kugonga, kichefuchefu kikanipanda, misuli ya miguu ikakakamaa na macho yakaingia giza. Mpwa wangu alinishika mkono akaniketisha chini ya mwembe, kisha akakimbia kumwita shangazi yangu. Shangazi alikuja na maji, akanilowesha kichwa na shingo, akanipepea kwa leso yake bila kusema neno. Nilipoweza kuinua kichwa ndipo aliponiambia, "Mwanangu, ng'ombe aliyefungwa zizini mwaka mzima hafunguliwi akapandishwa mlima siku moja."

Jioni hiyo, tulipokuwa tumeketi nje, mpwa wangu aliniuliza swali ambalo huenda nawe unajiuliza. "Lakini mjomba, wakimbiaji si ni watu wa Eldoret na Iten? Sisi wa huku chini kwenye joto tutaweza wapi?"

Nilimjibu kwa kumsimulia habari za Douglas Wakiihuri.

Mzaliwa wa pwani

Wakiihuri hakuzaliwa katika nyanda za juu za Bonde la Ufa. Alizaliwa Mombasa mnamo Septemba 1963, mahali ambapo hewa ni nzito na jasho hutoka hata umekaa kivulini. Mwaka 1983, akiwa kijana ambaye bado hajatimiza miaka ishirini au ndiyo kwanza anaitimiza, alifunga safari kwenda Japani kufundishwa kukimbia. Wakati huo Wakenya wengi waliotaka kuendeleza vipaji vyao walikuwa wakienda vyuo vya Marekani. Yeye alielekea mashariki.

Huko alipokelewa na mkufunzi mashuhuri aitwaye Kiyoshi Nakamura, mzee aliyekuwa amekimbia mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Nakamura alikuwa na sifa ya ukali na ya subira kwa pamoja. Mwanafunzi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Toshihiko Seko, Mjapani aliyeshinda marathoni za Boston, London na Chicago. Wakiihuri alijiunga na timu hiyo hiyo ya kampuni ya vyakula ya S&B, akajifunza lugha, akazoea vyakula vigeni na baridi ya huko, na akajifunza kukimbia kwa utaratibu.

Mwaka 1985 msiba uliwapata. Nakamura alikufa maji alipokuwa amekwenda kuvua samaki. Kijana wa Mombasa angeweza kufungasha virago akarudi nyumbani. Hakufanya hivyo. Aliendelea na mazoezi.

Tarehe 6 Septemba 1987, katika mashindano ya dunia mjini Roma, Wakiihuri alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 48. Akawa Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa marathoni. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Seoul, alipata nishani ya fedha, sekunde 15 tu nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia. Hiyo ilikuwa nishani ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki. Mwaka 1989 alishinda London kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 3. Mwaka 1990 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Auckland, na mwaka huo huo akashinda New York.

Sasa, msomaji, hesabu miaka. Tangu alipofika Japani mwaka 1983 hadi aliposhinda Roma mwaka 1987 ni miaka minne. Huyu alikuwa kijana mwenye kipawa, mwenye mkufunzi bora, asiyekuwa na kazi nyingine ila kukimbia, na bado alihitaji miaka minne. Wewe na mimi, wenye vitambi na miaka arobaini na kitu, tunataka matokeo kabla ya Pasaka!

Njia ya Japani

Wakiihuri hakubaki peke yake. Erick Wainaina, mzaliwa wa Nyahururu aliyekulia kimchezo huko Japani, alipata shaba katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na fedha Sydney mwaka 2000. Samuel Wanjiru, pia wa Nyahururu, alikwenda Japani mwaka 2002 kusoma shule ya sekondari katika mji wa Sendai. Mwaka 2008 kule Beijing, akiwa na miaka 21, aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Kwa maneno mengine, nishani zote ambazo wanaume wa Kenya walipata katika marathoni ya Olimpiki kabla ya mwaka 2012 zililetwa na vijana waliopitia Japani.

Kwa nini Japani? Sababu moja ni mbio zao za kupokezana barabarani ziitwazo ekideni, ambapo mkimbiaji humkabidhi mwenzake ukanda badala ya kumpa kijiti. Mbio maarufu kuliko zote ni za Hakone, za vyuo vikuu, zinazokimbiwa tarehe 2 na 3 Januari kila mwaka. Wakimbiaji kumi hugawana zaidi ya kilomita 200, kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi. Mwaka 1989 Mkenya Joseph Otwori alikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza kushiriki. Tangu hapo shule, vyuo na makampuni ya huko yamewachukua vijana wengi wa Kenya.

Katika ekideni, anayekwenda mbio kupita kiasi mwanzoni akaishiwa nguvu njiani hajidhuru mwenyewe tu. Huwaangusha wenzake tisa wanaomngojea. Hebu fikiria watu wanaokungojea wewe nyumbani.

Funzo la kwanza: mwili huzoea hatua kwa hatua

Unapoanza mazoezi, moyo na mapafu huanza kuzoea katika wiki chache. Utajisikia una pumzi zaidi, nawe utadhani uko tayari kwa lolote. Lakini mishipa mikavu inayounganisha misuli na mifupa, na mifupa yenyewe, huchukua miezi kuwa imara. Hapo ndipo wengi huumia. Pumzi inasema twende, kifundo cha mguu kinasema bado.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Si lazima ziwe mbio. Kutembea kwa haraka kunatosha. Kipimo chake ni rahisi wala hakihitaji mtambo: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko katika mwendo wa kadiri. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, punguza.

Mazoezi ya namna hii yakifanywa kila wiki huweza kushusha kipimo cha juu cha shinikizo la damu kwa alama 5 hadi 8 hivi kwa mtu mwenye tatizo hilo. Huusaidia mwili kutumia sukari vizuri, na hupunguza hatari ya kiharusi na magonjwa ya moyo. Hata hivyo, mazoezi si kibali cha kutupa dawa. Ikiwa daktari amekupa vidonge, endelea kuvimeza mpaka yeye mwenyewe atakapokuambia vinginevyo.

Funzo la pili: liheshimu jua

Kabla ya Wakiihuri, kabla hata ya Nakamura, palikuwa na Mjapani aitwaye Shizo Kanakuri. Mwaka 1912 Japani ilipeleka wanariadha wawili tu katika Olimpiki ya Stockholm, na Kanakuri alikuwa mmojawapo. Safari ilikuwa ndefu, kwa meli na kwa treni kupitia Siberia. Siku ya marathoni joto lilipita nyuzi 30, na karibu nusu ya walioanza hawakumaliza. Francisco Lázaro wa Ureno, ambaye inasemekana alikuwa amejipaka mafuta mazito mwilini, alianguka njiani akafariki siku iliyofuata. Mwili uliopakwa hivyo hauwezi kutoa jasho, na mwili usiotoa jasho hupikika kwa ndani.

Kanakuri naye alizidiwa. Aliacha mbio njiani, familia moja ikamkaribisha na kumpa kinywaji, naye akaondoka kimya kimya bila kuwaarifu wasimamizi. Kwa miaka mingi aliandikwa kuwa amepotea. Mwaka 1967, akiwa mzee wa miaka 75, Wasweden walimwalika arudi amalize mbio zake. Muda wake ukatangazwa kuwa miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5, dakika 32 na sekunde 20.3. Watu hucheka wakisikia kisa hiki. Lakini kumbuka kwamba yule aliyesimama alirudi nyumbani, akashiriki kuanzisha mbio za Hakone mwaka 1920, akaishi hadi 1983. Aliyelazimisha hakurudi.

Yaliyonipata mimi Siakago ni uchovu wa joto. Dalili zake ni jasho jingi, kizunguzungu, maumivu ya kichwa, kichefuchefu na misuli kukakamaa. Ukiziona, acha mara moja. Kaa kivulini, legeza nguo, jiloweshe maji, jipepee, na unywe maji kidogo kidogo.

Lakini mtu akianza kuchanganyikiwa, akiongea maneno yasiyoeleweka, akitapika sana, akipata kifafa au akizirai, hilo si uchovu tena. Ni kiharusi cha joto, na joto la mwili huwa limefika nyuzi 40 au zaidi. Huyo anaweza kufa. Mwagieni maji baridi mwili mzima bila kukoma, mpepeeni, na mtafute gari la kumkimbiza hospitalini. Msimpe kinywaji ikiwa hana fahamu.

Ili yasikufike hayo, kimbia alfajiri au jioni. Ukitoka Nairobi ukaenda Mbeere, Garissa au Mombasa, upe mwili wako siku 10 hadi 14 za kuzoea kabla ya kujitahidi. Kunywa maji ukihisi kiu, na uyachukue ukienda mbali. Wala usinywe lita kwa lita kwa hofu, kwani maji kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu, na hilo nalo ni hatari.

Funzo la tatu: kupumzika si uvivu

Mjapani mwingine anafaa kukumbukwa hapa, ingawa kisa chake kinahuzunisha. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, Kokichi Tsuburaya aliingia uwanjani akiwa wa pili nyuma ya Abebe Bikila wa Ethiopia. Mbele ya macho ya Wajapani wenzake, Basil Heatley wa Uingereza alimpita kabla ya utepe. Tsuburaya akapata shaba, nishani pekee ya Japani katika riadha mwaka huo. Nchi ilimshangilia, lakini yeye alijiona mwenye deni. Alijitwika azma ya kushinda Mexico mwaka 1968. Mwili ukagoma. Alipata majeraha, akafanyiwa upasuaji, na nguvu zake hazikurudi. Mnamo Januari 1968, akiwa na miaka 27, alijitoa uhai. Aliacha barua akiwashukuru jamaa zake kwa vyakula walivyomwandalia, na kueleza kwamba alikuwa amechoka mno, hawezi kukimbia tena.

Nasi tulimpoteza Wanjiru mapema. Alifariki Mei 2011 baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, akiwa na miaka 24 tu.

Nguvu za miguu haziondoi mzigo wa moyoni. Ikiwa usingizi umekukimbia, hamu ya chakula imeisha, na yale uliyoyapenda hayakufurahishi tena kwa wiki mbili au zaidi, usijitie ushujaa. Mwambie mtu unayemwamini, kisha nenda kituo cha afya. Na ukimsikia ndugu au rafiki akisema kwamba amechoka na maisha, usimkemee. Keti naye, msikilize, na umsindikize kutafuta msaada.

Kwa upande wa mwili, jiwekee angalau siku moja au mbili za mapumziko kila wiki, na ulale saa saba au zaidi. Maumivu madogo ya misuli ni kawaida. Maumivu makali ya mahali pamoja, yanayozidi kila ukikimbia, ni mwili unaopiga kengele.

Chakula, na neno kuhusu muguka

Huhitaji unga wa kopo wenye picha ya mtu mwenye misuli. Ndengu, kunde, mtama, mawele na maembe ya Mbeere ni chakula cha mkimbiaji. Uji wa wimbi saa moja na nusu au mbili kabla ya mazoezi unatosha. Punguza chumvi na mafuta, na usiongeze soda kwa kisingizio kwamba umekimbia.

Sasa muguka. Najua umesomesha watoto wengi Mbeere, na sitaki kugombana na mkulima. Lakini msomaji, ujue kwamba muguka na miraa huongeza mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu, hufukuza usingizi na huficha njaa na uchovu. Ukitafuna kisha ukakimbia, umemtandika punda aliyekwisha kuelemewa, naye hawezi kukuambia. Ikiwa una shinikizo la damu, ni heri uache kabisa.

Anza hivi

Kabla ya yote, pimwa. Muone daktari kwanza ikiwa umepita miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, au ikiwa una kisukari, shinikizo la damu, uzito mkubwa, au jamaa wa karibu aliyekufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Maumivu ya kifua, hasa yanayoshuka mkononi au kupanda tayani, si ya kusubiri kesho.

Wiki ya 1 hadi ya 4, tembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Wiki ya 5 hadi ya 8, changanya: kimbia polepole dakika moja, tembea dakika mbili, ukirudia mpaka nusu saa iishe, siku tatu kwa wiki. Siku nyingine mbili tembea tu. Wiki ya 9 hadi ya 12, ongeza dakika za kukimbia na upunguze za kutembea. Wiki ikikushinda, irudie. Hakuna anayekufukuza. Kama mtaa wenu hauna njia salama, zunguka uwanja wa shule au wa kanisa, au shuka katika matatu vituo viwili kabla ya chako.

Nilirudi Siakago mwezi wa Agosti. Kipimo changu kilikuwa 132 juu ya 84, na vidonge bado nilikuwa navyo mfukoni. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, mimi na mpwa wangu tulitoka tukielekea Kiang'ombe. Alikimbia mbele, akanisubiri, akakimbia tena, akanisubiri. Tulipopita ule mwembe wa Desemba sikusimama.

Tuliporudi, shangazi alikuwa jikoni akikoroga uji. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akaninyooshea kikombe, akasema, "Sasa ng'ombe ameanza kuijua njia."

Nawe, ndugu msomaji, viatu unavyo. Kesho asubuhi toka, na utembee.